Karamu Isiyopigwa Picha

Mwanangu Raya,

Umetoka na baba yako kwenda Barka kumuaga bibi yako, na ninavyomjua bibi yako hamtorudi kabla ya Alasiri. Nimekaa hapa kwenye meza ya kulia, redio nimeizima, nikuandikie. Kesho saa hizi utakuwa juu ya mawingu unaelekea Addis, na kutoka hapo Cape Town, miaka miwili. Mambo ya koti, chaja, dawa za tumbo na nakala za pasi sikuandikii. Baba yako kayapanga kwenye orodha, kaibandika kwenye friji, na kila akipita anaongeza moja. Leo asubuhi nimekuta kaongeza mwavuli.

Mimi nakuandikia kwa sababu Ijumaa iliyopita, kwenye karamu uliyofanyiwa, hapana aliyepiga picha.

Unajua mwenyewe kwa nini. Sanyu alisimama mlangoni na ile sufuria yake kubwa ya wali, kila aliyeingia akatia simu yake ndani, kisha akaifunika na kuipeleka jikoni. Watu kumi na mmoja, na mimi wa kumi na mbili. Mtoto wa mtu mwengine akifanyiwa heshima kama ile hupewa cheti, hutiwa gazetini, na mamake akalitia gazeti kwenye fremu likakaa ukumbini kwa wageni. Mimi sina cha kutia kwenye fremu. Nna kumbukumbu tu, na kichwa changu cha miaka hamsini na nane si cha kuaminiwa sana. Basi acha niandike mambo yangali moto. Majina ya watu nimeyageuza, karatasi hizi zikianguka mikononi mwa mtu zisimdhuru mwengine. Lako na langu nimeyaacha.

Lakini siwezi kuanzia kwenye karamu. Nikianzia hapo ntaonekana mama mwema aliyelea mtoto mwema, na haikuwa hivyo. Lazima nianze na Moza.

Habari zake hujapata kuzisikia nyumbani kwetu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nasomea unesi, tunakaa dakhalia, wasichana wanne chumba kimoja. Moza ametokea Qantab, Kiswahili hakijui hata neno. Na mimi Kiarabu changu kilikuwa bado kinachechemea. Nimeletwa Maskati nna miaka kenda, na darasani wenzangu walikuwa wakinicheka kila nikifungua mdomo. Moza hakunicheka. Alinifundisha Kiarabu cha kugombana na wauza samaki, mimi nikamfundisha kusema "shoga yangu", kama mama zetu wa Unguja walivyokuwa wakiwaita marafiki zao. Akalipenda neno. Akiniona mwisho wa wodi huniita kwa sauti, "Shoga yangu!", wagonjwa wote wakageuza vichwa. Tulikuwa na jozi moja nzuri ya viatu vyeupe, tukivaa kwa zamu, miguu yetu sawa.

Mwaka wa pili msichana mmoja akapeleka maneno kwa metroni, kwamba Moza kaonekana na mwanamke mmoja wa maabara, na si kwa namna ya marafiki. Metroni akamwita. Kisha akaniita mimi, kwa kuwa vitanda vyetu vilikuwa vimepakana. Moza kasimama karibu na dirisha, mikono kaiweka nyuma.

Metroni akaniuliza, "Wewe rafiki yake. Unamjua vipi huyu?"

Nilikuwa najua kila kitu, Raya. Moza aliniambia mwenyewe, siku moja tunafua, akaniambia huku anakamua shuka ili asinitazame usoni. Na ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema kwamba huyu ndiye bora yetu sote, kwamba wale wagonjwa wenye vidonda vya kunuka ambao sisi tunawakimbia, yeye ndiye anayewaosha, na anawaimbia.

Nikasema, "Simjui sana."

Maneno mawili. Moza hakuniangalia. Wiki ile ile akafunga begi lake akarudishwa kwao. Viatu aliniachia mimi.

Miaka kumi na tatu baadaye nikamwona sokoni Seeb, wewe una mwaka mmoja, nimekubeba. Alikuwa anauza udi. Macho yetu yakakutana. Nikageuza uso nikajifanya nachagua vitambaa, kisha nikatokea upande mwengine wa soko.

Sikumwambia baba yako wala mtu yeyote. Na nikakulea wewe kwa yale niliyojifunza mbele ya metroni: funga mdomo, usijulikane, mambo ya watu waachie wenyewe. Nikayaita hayo heshima. Ilikuwa khofu, mwanangu, niliivisha buibui tu ikapendeza.

Wewe hukufundishika. Tangu skuli ulikuwa ukirudi na ugomvi usio wako. Ulipomaliza sheria ukapata kazi kwenye ile kampuni ya mizigo, nikasema alhamdulillahi, sasa katulia. Ukaanza kutoka kila jioni, na simu hazikwishi, unazipokelea barazani umefunga mlango. Nikamwambia baba yako, "Mtoto kapata mchumba." Nikaanza hata kuangalia vitambaa vya harusi. Kumbe wale wachumba wako walikuwa watu waliofukuzwa kwao. Wanaume wanaopenda wanaume, wanawake wanaopenda wanawake, na yule dada uliyemtafutia daktari, aliyezaliwa akaitwa mwanamme na mwenyewe anajijua mwanamke. Watu wanaotishwa na waajiri, na kaka zao, na mtu yeyote aliyewahi kushika simu zao akaona picha. Miaka mitatu ulikuwa unafanya hayo mimi nakupikia chakula cha usiku, nisijue nampikia nani.

Nilijua siku uliyomleta Sanyu.

Wewe unaikumbuka siku ile ulivyoiona wewe. Acha nikwambie nilivyoiona mimi. Ijumaa, biriani iko motoni, nasikia mlango, nasikia unasema, "Karibu, vua viatu hapa." Nikatoka jikoni nikaona msichana mwembamba, kavaa nguo za kazi za kitumishi, mkono mmoja kaukumbatia kifuani. Ukaniambia, "Mama, huyu Sanyu, anatoka Uganda. Kafukuzwa kwa tajiri yake. Siku mbili kalala stendi ya mabasi Ruwi." Nikamwambia akae. Nikakuita chumbani.

"Kafanya nini?" nikakuuliza.

"Walimkuta na picha kwenye simu. Yeye na rafiki yake. Mwanamke. Mwenziwe washamrejesha kwao, yeye wamemtoa nje na pasi yake wameizuia."

Nikakwambia, "Mtoe."

"Mama."

"Mtoe, Raya. Nyumba hii ina jina. Baba yako ana kazi yake. Unajua sheria kuliko mimi, unajua mtu akikutwa na mtumishi wa watu ndani, na mtumishi mwenyewe wa namna hiyo. Mtoe kabla baba yako hajarudi msikitini."

Hukupiga kelele. Ndiyo maana nakumbuka kila neno. Ukasema, "Nipe sababu moja unayoweza kuisema mbele yake, ukimtazama. Ukiisema, ntamtoa sasa hivi."

Nikasimama pale na mwiko mkononi. Sababu nilikuwa nazo kumi. Hata moja haikuwa ya kumwambia mtu usoni. Nikasema, "Siku moja tu." Nikarudi kwenye biriani yangu nimekasirika, na hasira zenyewe, sasa nakwambia, zilikuwa za kuona haya.

Ule mkono wake ndio ulionishinda. Nimewapa watu chakula, naona hagusi kitu, na ule mkono hauachii. Nesi ni nesi hata akistaafu. Nikamwambia, "Lete nione." Kifundo kimevimba kama yai, na rangi ile naijua. Nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Mama, mimi nilianguka." Nikamwambia, "Miaka ishirini na sita nimewafunga wanawake walioanguka. Sema ulivyoangushwa." Akalia. Wewe ukatoka nje ili asione haya, na hilo nalo nililiona.

Baba yako akarudi, akatukuta tunavaa viatu kumpeleka kwenye kliniki Ruwi. Akamtazama yule msichana, akanitazama mimi, akasema, "Mie sitaki kujua kitu. Lakini chukueni gari kubwa, lile dogo kiyoyozi chake kimekufa." Usidharau maneno yale. Kwa baba yako ile ilikuwa khutba nzima.

Siku moja ikawa kumi na tisa. Mkono umefungwa plasta, na yeye hawezi kukaa. Anataka kuosha vyombo kwa mkono mmoja, anaomba radhi akipita, anaomba radhi akikaa. Siku ya nne au ya tano niko kwenye simu na rafiki yangu wa Mabela, nacheka, nasema kama nisemavyo siku zote, "Ehe, shoga! Shoga yangu, huna habari!" Nikasikia sahani imeanguka jikoni. Nikaenda nikamkuta kajibana kwenye friji.

"Mama, unamwambia nani?" akaniuliza. "Unamwambia mimi ni nani?"

Kwanza sikufahamu. Halafu nikafahamu. Neno letu la mapenzi, kwake yeye lilikuwa ndilo walilomtolea nje kwa mateke. Nikamweleza kwa utuvu, kwetu Unguja mwanamke akimwita mwanamke mwenzake hivyo amempenda, amemfanya wa ndani. Akaniangalia kama anayetafuta uwongo usoni mwangu. Akasema, "Hakuna mtu alinieleza hivyo."

Nikainama kuokota vipande vya sahani, na machozi yananitoka, na yeye akadhani nalilia sahani.

Wewe wakati huo ushakwenda mara mbili kudai pasi. Umekwenda na sheria yako kwenye bahasha, ukamwambia yule mwanamke aliyemwajiri kwamba pasi ya mfanyakazi haizuiwi, na mara zote mbili umefungiwa mlango. Mara ya pili uliporudi ukanitajia jina la mwenye nyumba. Nilikuwa namjua. Bi Thuraya tumekaa naye mkeka mmoja harusi si chini ya ishirini, wewe hakujui kwa kuwa harusini huendi, na hawa ni watu wetu, wa Kiswahili kama sisi.

Siku ya pili nilivaa, nikakwambia nakwenda kwa daktari wa macho. Nilikwenda kwake.

Alinipokea vizuri. Halwa, tende, kahawa, "Bi Zuwena, siku nyingi!" Nikamwacha amimine. Kisha nikamwambia, "Nimekuja kuchukua pasi ya Sanyu."

Kikombe akakiweka chini. "Kumbe ni wewe uliye naye? Unajua kafanya nini?"

"Najua."

"Na umemweka nyumba moja na binti yako asiyeolewa? Wewe, Bi Zuwena? Mtu kama yule unamjua vipi, hata ukamwingiza ndani?"

Raya, nikamsikia metroni. Lilikuwa swali lile lile. Miaka thelathini na tisa, swali limenizunguka likanifuata kwenye ukumbi wenye mazulia, na mimi nimekaa na tende mkononi.

Nikasema, "Namjua. Anakunywa chai bila sukari. Anaogopa lifti. Anasali kabla ya kula, kwa dini yake, na anainamisha kichwa mpaka pua inagusa sahani. Mkono wake umevunjika mahala pawili, na nimekaa naye walipomnyoosha mfupa akanishika mpaka kucha zikaniingia. Namjua vizuri sana, Bi Thuraya. Nipe pasi yake."

Nilidhani atanifukuza. Akanyanyuka, akaenda kwenye kabati la vyombo vya wageni, akaitoa nyuma ya mabirika, akaiweka mezani. Akasema, "Usije ukakanyaga shughuli zetu tena." Nikasema, "Sawa." Na kwenye gari nilikaa muda mrefu kabla ya kuweza kutia ufunguo.

Wewe uliona pasi tu, ukanikumbatia, ukasema, "Mama, macho yako vipi?" Nikasema yameanza kuona.

Yaliyofuata unayajua, yalikupata wewe zaidi kuliko mimi. Mimi nilitolewa kwenye kundi la simu la akina mama, na Shaaban yote sikualikwa harusi hata moja. Wewe uliitwa na meneja wako. Kuna mtu kapeleka maneno. Akakwambia uchague, kazi au "hao watu wako". Ulirudi nyumbani saa nne za asubuhi na kisanduku cha vitu vyako vya mezani, ukakiweka pale pale ninapoandika sasa, ukasema, "Nimechagua." Hukujigamba. Ukaomba chai. Mimi nilikwenda chooni nikalia, na sikulia kwa huzuni, ijapokuwa huzuni ilikuwamo.

Na kwa kukosa kazi ndiyo ukapata nafasi ya kuomba hii skuli ya Cape Town, ukasomee namna ya kuwatetea watu kama hawa mbele ya sheria. Wao walidhani wamekufungia mlango.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui. Wiki mbili zilizopita nilikwenda Qantab. Niliulizia nyumba, nikaelekezwa. Akafungua mwenyewe. Moza kazeeka kama mimi, kanenepa, nywele kazitia hina. Akanijua palepale. Nikasema yote niliyokwenda nayo, kwa Kiarabu alichonifundisha yeye. Akanisikiliza mpaka mwisho kasimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

Akasema, "Lile la metroni nilijua utalisema. Ulikuwa mtoto, na wewe ulikuwa mgeni nchini, huna pa kushika. Pengine na mimi ningesema hivyo hivyo. Lakini Seeb, Zuwena. Seeb ulikuwa mwanamke mzima, hapana aliyekuuliza kitu. Nilitaka kumwona mtoto wako tu."

Nikamuuliza kama atanisamehe. Akasema, "Leo hapana. Njoo Jumatano ijayo."

Nikaenda Jumatano. Akaniingiza ndani. Kunisamehe bado, na mimi sikuuliza tena. Nimemwonyesha picha yako. Kaitazama sana, akasema, "Kumbe ndiye huyu."

Basi sasa naweza kukwambia karamu.

Chumba kimoja, juu ya ile saluni anakofanya kazi Sanyu sasa kwa vibali halali, madirisha yamefunikwa mapazia ya maua, matoke upande mmoja na pilau upande mwengine. Ulidhani unakwenda kula tu. Sanyu akapiga kijiko kwenye gilasi, akasema, "Leo Dada Raya hazungumzi. Leo anakaa." Ukakaa, na sikupata kukuona umekosa pa kuweka mikono yako kama siku ile.

Wakasimama mmoja mmoja. Nilingoja maneno makubwa, hayakuja. Msichana wa Kenya, yule mrefu, akasema, "Huyu alinibebea sabuni na pedi, wiki ya kwanza. Hakuniuliza ni nini ilitokea. Watu wote walikuwa wanataka stori, yeye alileta sabuni." Yule dada uliyempeleka kwa daktari akasema, "Aliniuliza jina langu. Nikamwambia jina nililojipa. Hajawahi kulikosea hata mara moja." Akakaa, akafunika uso. Kisha akasimama mwanamme wa Kiomani, wa makamo, kanzu yake imepigwa pasi hata mikunjo inakata, mwalimu. Alisema kwa Kiarabu, polepole kama anayesomesha: "Nilimpigia simu siku ambayo nilikuwa nishaandika barua za kuaga. Alinisikiliza saa mbili. Hakunipa nasaha hata moja. Mwisho akaniambia, 'Ustadh, kesho nipigie tena, nataka kujua umeamkaje.' Nikawa lazima niamke." Hapo mimi nikamtazama yule mtu mzima aliye hai amesimama mbele yangu, nikakutazama wewe unakwangua kucha zako, nikasema moyoni, huyu nimemzaa mimi. Nimekuwa na fahari ndogo ndogo maishani, Raya, ulipohitimu, ulipohifadhi juzuu yako ya kwanza. Ile ya Ijumaa sikujua pa kuiweka.

Kisha wakanigeukia mimi. "Mama aseme." Nilikuwa nimejitayarishia maneno mazuri. Nikasimama yakanikimbia yote, nikasema kweli. Nikasema, "Siku aliyomleta Sanyu nyumbani, mimi nilimwambia amtoe."

Nikaona bora ardhi inimeze. Sanyu akaanza kucheka, anacheka mpaka anajishika tumbo. "Mama," akasema, "mimi nilisikia. Ukuta yenu ni nyembamba! Nilisikia yote. Kwa nini unafikiri sikukula ile biriani?" Na wote wakacheka, na mimi nikacheka huku nalia. Akaja akanikumbatia mbele za watu, akaninong'oneza, "Shoga yangu."

Ndiyo hiyo heshima yako, mwanangu. Hapana kibao wala cheti. Lakini ipo, sasa ipo kwenye karatasi.

Nna machache tu ya kukutilia mkobani. Hayo mengine utajifunza huko kwa makosa yako mwenyewe, nami sitaki kukunyima.

La kwanza, pumzika. Umekonda. Mtu akikupigia nawe umechoka, mwambie umechoka, umpigie kesho. Nimeuguza watu miaka mingi, nimeona manesi wazuri waliogeuka wakali kwa kuchoka tu.

Jengine, huko utakutana na watu kama mimi wa siku ile ya mwiko. Usiwasamehe kwa haraka, lakini usiwafungie mlango. Wewe hukunitukana wala hukunipoza. Uliniuliza swali moja ukaniacha nikae nalo. Watu wengi hatubadiliki kwa kushindwa mjadala. Mimi nilibadilika kwa kufunga bendeji.

La dini sikuandikii. Wewe unasali, mimi nasali, na yapo masuala ambayo mimi bado namuuliza Mwenyezi Mungu nikiwa peke yangu kwenye mswala. Ninachokijua ni kwamba sikuweza kusimama mbele Yake na kumwambia nilimtoa nje mtu mwenye mkono uliovunjika.

Na kuna swali nililokuuliza siku zile, tunakunja nguo: "Na wewe je, Raya?" Ukanijibu, "Mama, ukiuliza kwa kutaka kujua ntakujibu. Ukiuliza kwa kuogopa, usiniulize." Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa naogopa. Sasa siogopi, na bado sikuulizi. Siku utakayotaka kuniambia neno, lolote lile, niambie. Siku usiyotaka, nyamaza, chakula chako kitakuwepo vile vile.

La mwisho si nasaha, ni habari. Alkhamisi ulipokuwa umekwenda kununua begi, simu ya mezani ililia. Msichana, sauti ndogo, anafanya kazi ya usafi Rusayl kwenye viwanda. Anataka Dada Raya. Nikamwambia, "Raya anasafiri. Mimi mamake. Niambie mimi." Akauliza, "Wewe unajua?" Nikasema, "Najua. Sema, mwanangu."

Sikukwambia, ungeahirisha safari, nakujua. Baba yako alikuwa amekaa hapo anakunywa chai, kasikia yote. Rusayl kafanya kazi miaka ishirini na mbili. Akauliza tu, "Anatokea geti gani?" Akatoa kalamu akaandika. Tutakwenda kumchukua keshokutwa, na chumba chako nishakitandika.

Nasikia gari lenu langoni. Nenda kwa amani, mwanangu, Mwenyezi Mungu akuweke mbele ya kila mlango unaotakiwa kufunguliwa. Na ukipiga simu Jumapili ukasikia sauti usiyoijua inaitikia, usikate.

Mama yako anayejivuna nawe,
Zuwena